Unga Juu ya Kifuniko

Shuleni, nje ya Webuye
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Khocha Wakoli, mjomba wangu,

Habari za Kawangware? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ambayo yamezunguka bweni lote na sasa yamefika kwangu. Natumai wewe na banda lako mko salama, na kwamba yule paka wa jirani ameacha kulala ndani ya masanduku ya wateja. Mama yuko sawa, bado anafulia watu kule Ayany, na nyumba yetu ya Sarang'ombe hatimaye imewekwa mlango unaofungika. Hayo nilipata kwa simu. Kila Jumapili matroni hutupa dakika sita: tatu zangu ni za Mama, tatu ni zako. Zako zimepotea mara mbili sasa. Simu yako inaita mpaka inakata. Ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani.

Sasa neno lenyewe. Mwaka huu shule yetu imeunganishwa na chuo kimoja cha ufundi huko Nairobi. Sisi wa sekondari tunatafuta shida tunayoishi nayo, tunabuni kitu cha kuiondoa, tunakichora pamoja na vipimo vyake. Wao wa chuo wanakitengeneza, kumi, vyote sawasawa. Tarehe 19 Julai kutakuwa na maonyesho hapa shuleni na majaji watakuja. Kitu kikikubalika, shule itakiagiza kwa wanafunzi wote wapya wa mwakani, na chuo kitakiunda pamoja na mafundi wa jua kali wa huko kwenu.

Kundi letu ni wasichana watano chini ya Mwalimu Eddah. Tulibishana wiki nzima kuhusu shida. Mmoja alitaka ndoo, mwingine kitanda. Halafu mimi nikasema masanduku yetu ya bati, na mabishano yakaisha. Khocha, bweni letu lina wasichana sitini. Kengele ni saa kumi na moja, lakini kuna wale wa kusoma mapema, wanaoamka saa kumi kutafuta vitabu. Mmoja akifunga sanduku lake, kifuniko kinalia na wote sitini wanaamka. Watu wamepigana kwa ajili hiyo. Na nisikufiche: sanduku ulilonitengenezea nikiingia kidato cha kwanza halijashika kutu wala kuvunjwa kufuli, lakini ndilo lenye sauti kubwa kuliko yote. Wanaliita Kanisa, kwa sababu ya kengele.

Kwa hiyo tunabuni sanduku lisilo na kelele. Tumefikiria kubandika mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ukingo wa kifuniko. Mwalimu alipouliza nani anamjua fundi wa masanduku karibu na chuo, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Watakuja wanafunzi wawili, Nicanor na Risper. Wapokee tafadhali. Na wewe ndiye utakayelijaribu la kwanza, maana hakuna anayejua sanduku kama wewe. Sijawahi kutaka kitu kifaulu hapa shuleni kama ninavyotaka hiki.

Mpwa wako,
Valary Nasipwondi


Kawangware
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mpwa wangu Nasipwondi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa jina la bati. Barua yako ilikaa siku nne kanisani kwa sababu katibu wetu hufungua sanduku la posta siku anayojisikia. Sisi tuko sawa. Mama yako aliniletea kunde Jumatano, akanikuta sijanyoa ndevu, akanisema mbele ya wateja. Kukhu, nyanya yako huko nyumbani, anauliza kama umenenepa. Mvua imenyesha hapa siku sita. Mimi siku hizi hujua kunanyesha nikiona maji yakiingia mlangoni. Paka bado analala ndani ya masanduku, na sasa ana watoto wanne.

Kuhusu simu, banda lina nyundo saba, unalijua. Usipoteze dakika zako kwangu. Wewe andika tu, mimi napenda barua.

Kwa hiyo sanduku langu linaitwa Kanisa. Miaka thelathini na moja nagonga mabati, na asante yangu ndiyo hiyo. Lakini nilicheka. Niliwasomea wenzangu bandani nao wakacheka kunizidi, hasa Khaemba, ambaye masanduku yake hayana kelele kwa sababu hayafungiki.

Hao watoto wa chuo walikuja. Nicanor alikuja na kompyuta mkononi, Risper alikuja na ovaroli yenye mafuta, nikajua mara moja nani ameshawahi kushika bati. Kijana akaniambia, "Niaje mzee, hii drawing iko na kila kitu, sisi ni kukata tu." Nikautazama mchoro wenu. Ni msafi, mpwa wangu. Nilijivuna, nikauonyesha mpaka kwa muuza chai. Ila mmesahau kitu kimoja, kwamba bati linakula. Kila mahali unapokunja, bati linakula upana wa ukucha, na sanduku lina mikunjo kumi na miwili. Nikamwambia kijana. Akasema kompyuta imeshapiga hesabu. Nikamwacha akate. Kifuniko kilipokataa kuingia, Risper alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia, "Si mzee alikushow?" Tangu siku hiyo Nicanor ananiita Prof na hakati kitu kabla ya kuniuliza.

La pili limetoka zuri. Mpira umezunguka ukingo wote na umeshika. Kulijaribu hapa bandani ni kazi bure, kwa kelele hizi, na hao vijana nao karakana yao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nitalibeba nyumbani nilijaribu Jumapili baada ya ibada, kukiwa kimya.

Jumapili jioni. Nimelijaribu. Nimekifunga kifuniko mara kumi, polepole na kwa nguvu. Halina kelele hata kidogo. Mwambie Mwalimu Eddah kwamba fundi amesema.

Khocha wako,
Wakoli


Shuleni
Jumapili, 8 Juni 2025

Khocha mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kundi lote. Mafua yameisha. Tumefanya mtihani wa hesabu na sitaki kuuzungumzia. Mwambie Kukhu sijanenepa, chakula cha huku hakimruhusu mtu.

Barua yako ilisomwa mbele ya kundi. Ilipofika pale "halina kelele hata kidogo" wenzangu waliruka, na Wakarima, ambaye ndiye msomaji wetu wa saa kumi na ndiye adui wa bweni zima, alinikumbatia. Asante, khocha. Sijui nikwambie vipi. Wewe una kazi yako, una wateja wako, lakini umeacha yote ukahangaika na mchoro wa watoto wa shule. Wasichana wengine hapa wana wajomba wenye magari. Mimi nina wewe, na siwaonei wivu.

Mwalimu Eddah ana ombi moja. Yeye hufundisha fizikia na haamini kitu mpaka akishike. Anataka ulinganishe: ufunge lenye mpira, halafu ufunge la kawaida lisilo na mpira, utuambie tofauti ni kubwa kiasi gani. Anasema hiyo ndiyo itakayotusaidia mbele ya majaji. Ukikubali tu, chuo kinaanza kuunda kumi.

Kuna jambo lingine. Nilimuuliza Mama kwenye simu kwa nini hushiki simu yangu. Akasema Jumapili iliyopita alikuwa kwako nikipiga. Simu ilikuwa juu ya meza, karibu na sahani yako, inaita, na wewe ukaendelea kula. Hapo hapakuwa na nyundo. Nilipomuuliza zaidi akasema dakika zangu zimeisha, na zilikuwa bado. Je, umenikasirikia? Ni kwa sababu nilisema sanduku lako lina kelele? Au unaona tumewapa watu wa chuo kazi yako? Niambie ukweli, nitaupokea.

Mpwa wako,
Valary


Kawangware
Jumatatu, 16 Juni 2025

Nasipwondi,

Natumai umepona kabisa. Huku baridi imeingia. Watoto wa paka wamefungua macho na mmoja amehamia ndani ya kofia yangu. Kukhu amevuna maharagwe, anasema atakuwekea debe. Mama yako anaimba kwaya sasa. Nilienda kuwatazama na walivaa vizuri sana.

Nimefanya alivyosema Mwalimu. Lenye mpira halina kelele, kama nilivyokwisha kuandika. Lisilo na mpira nalo halina kelele sana. Nadhani bati la siku hizi ni jembamba, si kama la zamani. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini si kubwa. Lenye mpira ni bora.

Kumi yameundwa. Nilienda chuoni mwenyewe kwa miguu kupitia Riruta kuyatazama. Ni mazuri, yamepangwa kumi mstari mmoja, rangi ya samawati, na kwa ndani Risper ameandika majina yenu watano kwa rangi nyeupe. Alinionyesha la mwisho. Chini ya majina yenu aliandika la kwake, la Nicanor, na langu. Nikamwambia herufi zimepinda. Hazikuwa zimepinda.

Yatatumwa kwa basi wiki ijayo. Sijakukasirikia hata siku moja tangu uzaliwe. Simu yangu imezeeka tu.

Khocha,
Wakoli


Shuleni
Jumapili, 29 Juni 2025

Khocha,

Natumai hamjambo.

Masanduku yalifika Alhamisi, siku ya mapumziko mafupi. Wengi walikuwa wameenda nyumbani, sisi wa mbali tulibaki kama ishirini. Bweni lilikuwa kimya. Tuliyabeba ndani wenyewe, tukayapanga, Mwalimu Eddah akaja na matroni akaja. Nilipewa heshima ya kufunga la kwanza kwa sababu fundi ni wa kwetu. Nikakiachilia kifuniko.

Kililia, khocha. Kililia kuliko Kanisa. Matroni alishika kifua. Nikafunga la pili, la tatu, mpaka la kumi, nikidhani moja tu litatuokoa. Yote kumi. Watu walianza kucheka, halafu wakaona uso wangu wakaacha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwalimu akauliza ni nani aliyeyajaribu. Nikasema ni mjomba wangu. Akampigia Nicanor, naye akasema hivyo hivyo: Prof alijaribu kwake nyumbani, akatuambia poa. Mwalimu hakunikemea. Alisema tu kwamba mtihani wa kitu hauwezi kuachiwa mtu mmoja, na kwamba kosa hilo ni lake. Lakini mimi ndiye niliyeinua mkono.

Nilisoma barua zako zote mbili tena. Sanduku bila mpira "halina kelele sana"? Wewe ndiye ulinitengenezea Kanisa. Kama hukupata nafasi ya kulijaribu, si ungeniambia? Ningeelewa. Ningetafuta mtu mwingine. Zimebaki wiki tatu, na sasa hatuna kitu cha kuonyesha isipokuwa kengele kumi za rangi ya samawati.

Samahani nikikosa adabu. Nataka tu kujua kama ulilijaribu kweli.

Valary


Kawangware
Ijumaa, 4 Julai 2025

Mpwa wangu,

Barua hii nimempa kondakta wa basi aikabidhi mkononi mwa askari wa geti lenu, kwa sababu katibu wetu wa kanisa nisingemwamini na hii. Sitauliza habari. Najua habari.

Nililijaribu. Nililijaribu mara kumi kama nilivyoandika. Sikusikia kitu. Shida ni kwamba sisikii, Nasipwondi. Sikio la kulia lilikufa zamani, wewe ukiwa darasa la nne au la tano. La kushoto limekuwa likiondoka polepole, na mwaka huu limebaki na kidogo sana. Nikisimama karibu na mtu na nikimtazama mdomo, napata maneno. Bandani sote hupiga kelele tukiongea, kwa hiyo hakuna anayegundua. Kanisani nasimama watu wakisimama. Mvua sikuifanyia mzaha kwenye barua ile ya kwanza. Ni kweli huijua kwa maji. Simu nayo huiona ikitikisika mezani, nikiitazama, na najua ni wewe. Nikiishika nitasema nini? "Ee, ee, sawa," halafu utauliza kitu nami nitajibu kingine, na utajua. Mama yako anajua. Nilimkataza kukwambia.

Kwa nini nilificha? Fundi asiyesikia, wateja humdhania mlevi au mjinga. Wanaanza kuongea na jirani yake. Nimeyaona yakimpata mzee aliyenifundisha kazi, na nilikuwa mmoja wa wale waliomcheka, Mungu anisamehe. Na kwako wewe niliona aibu zaidi, kwa sababu uliandika kwamba hakuna anayejua sanduku kama mimi.

Jumapili ile nilikifunga kifuniko na nyumba ikabaki kimya. Nikafurahi kama mtoto. Nikajiambia mpira umefanya kazi. Sehemu ndogo ya moyo wangu iliniuliza, je, na hilo lingine? Nikaiambia inyamaze. Mwalimu alipotaka nilinganishe, nilijua. Nilifunga yote mawili na yalikuwa sawa, nikakaa kitandani na kalamu, nikaandika uongo. Hilo ndilo ninaloombea msamaha.

Sasa nisikilize, kwa sababu hatujachelewa. Barua yako ilipofika nilimwita Risper nikamwambia yote. Alilia kidogo, kisha akauliza, "Sasa tunafanya aje, Prof?" Nikaweka kiganja juu ya sanduku nikamwambia afunge. Nikahisi bati linatetemeka, khocha wako akapata akili. Tukachukua unga wa ugali, tukanyunyiza juu ya kifuniko kama unavyonyunyiza chumvi, akafunga tena. Unga uliruka. Haukuruka ukingoni, mlikoweka mpira. Uliruka katikati, pale tumboni, ukajipanga mistari. Tumbo la kifuniko ndilo linalolia, na sisi tulikuwa tunaziba mdomo.

Fanyeni hivi. Ombeni unga jikoni. Nyunyizeni, fungeni, tazameni unaporuka sana, pigeni alama kwa chaki. Hapo hapo, kwa upande wa ndani, bandikeni vipande vya mpira mzito vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu, viwili vikipishana. Kondakta ana gunia, Nicanor amevikata tayari na gundi ya viatu imo. Kisha nyunyizeni tena. Unga ukitulia, sanduku limetulia. Risper amesikiliza kwa masikio yake na Khaemba kwa yake, sitaki muamini neno langu peke yangu tena.

Nisamehe, mwanangu.

Wakoli


Shuleni
Alhamisi, 10 Julai 2025

Khocha wangu,

Askari wa geti alinikabidhi barua yako na gunia mbele ya darasa zima, kama mtu aliyeletewa mahari. Niliisoma chooni kwa sababu ndiko mtu anapata nafasi ya kulia hapa shuleni. Nimelia kwa ajili yako na kwa ajili ya barua niliyokuandikia tarehe 29, ambayo ningependa uichome. Nimekasirika pia, nikuambie, kwa sababu umekaa peke yako na jambo hili miaka hii yote huku mimi nikikaa meza moja na wewe kila likizo. Nilidhani unapiga kelele kwa sababu ni tabia ya mafundi.

Nimekusamehe. Hilo limeisha.

Mpishi alitupa kikombe kimoja cha unga baada ya kutuhoji kama polisi. Khocha, ungeona. Masanduku kumi yaliyoundwa sawasawa, na kila kifuniko unga wake unaruka mahali pake, mwingine katikati kabisa, mwingine umesogea upande wa bawaba. Mwalimu Eddah alipiga magoti sakafuni na sketi yake nzuri akawa anachora mistari ya unga kwenye daftari, akasema amefundisha mitetemo miaka tisa kwa chaki na ubao, na hii ndiyo mara ya kwanza anaiona. Alinituma nikushukuru. Aliniambia niandike neno hili hasa, nakushukuru.

Tisa yametulia. La kumi linalia kidogo bado, lakini Wakarima amelichukua kama ugonjwa wake na anasema halitamshinda.

Sasa ombi. Njoo tarehe 19. Mama anakuja, njooni pamoja. Sitaki ukae nyuma ukumbini. Nataka usimame nasi karibu na sanduku. Majaji wakiuliza tulivyogundua, nataka kuwaonyesha aliyegundua. Ukiogopa kuulizwa swali, nitasimama mbele yako na nitasema polepole, ukinitazama mdomo.

Ukikataa nitaelewa, lakini usikatae.

Valary wako


Kawangware
Jumanne, 22 Julai 2025

Mpwa wangu Nasipwondi,

Tumefika salama, mimi na mama yako. Alilala njia nzima akinilalia bega. Kukhu anasema mlango wako wa shule alioonyeshwa kwenye picha ni mkubwa kuliko wa kanisa lake. Paka alikuwa amenyimwa chakula na Khaemba, ameniadhibu siku mbili kwa kutonitazama.

Nakuandikia kukushukuru, kwa sababu pale shuleni sikuweza, watu walikuwa wengi.

Nikueleze nilivyoyaona mimi. Yule jaji mama mwenye miwani alipokiinua kifuniko, sikulitazama sanduku. Niliwatazama watu. Mtu akitarajia mlio hufinya macho mapema, na mlio ukija mabega huruka. Miaka mingi sasa hivyo ndivyo ninavyosikia. Akakiachilia. Ukumbi mzima walikuwa wamefinya macho. Kisha wakayafungua, mmoja mmoja, na hakuna bega lililoruka. Nikajua. Nikajua kabla yako, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho bado.

Na pale jaji aliponiuliza swali na wewe ukanigeukia ukaniuliza tena kwa mdomo wako, polepole, "Je, ulijuaje?", nami nikajibu kwa sauti ya bandani mpaka vipaza sauti vikakoroma na watu wakacheka, sikuona aibu. Nilisema tu ukweli: sikujua, nilikosea, kisha nikatumia unga. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu kwamba sisikii. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama pale pale na hakuna aliyeniondolea heshima.

Wamekubali, na chuo kimeshaanza. Tumepewa kuunda masanduku sitini ya mwanzo, sehemu ya kukunja ni ya banda letu. Nicanor ameandika kwenye karatasi ya maelekezo, nimeona kwa macho yangu: "Hatua ya saba, jaribio la unga." Sharti langu moja ni kwamba anayegonga hapa anaziba masikio. Risper ametuletea viziba masikio kutoka chuoni. Khaemba alisema vinamfanya aonekane kama rubani, lakini amevaa.

Mama yako alinipeleka kliniki huko Kibera jana. Sikio la kulia halina kitu tena. La kushoto wamesema kilichobaki kinaweza kulindwa, na huenda kuna kifaa, tutaona. Nilikubali kwenda kwa sababu yako.

Asante, mwanangu. Ulinikasirikia kwa haki, ukanisamehe kabla sijafika, na ukanisimamisha mbele. Sina kubwa la kukupa ila sanduku, na hilo unalo.

Khocha wako,
Wakoli


Shuleni
Jumapili, 27 Julai 2025

Khocha,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa paka ambaye najua hajakusamehe. Tunafunga shule Ijumaa. Matokeo ya hesabu yametoka na bado sitaki kuyazungumzia.

Leo zamu yangu ya simu ilipofika, matroni aliniambia, "Sita, tatu za nyumbani, tatu za mjomba." Nikaongea na Mama tatu. Zako nikampa Wakarima, ambaye baba yake hushika simu haraka, kisha nikaja kukuandikia hapa ngazini.

Mwalimu Eddah ameturuhusu tutumie yale kumi bwenini mpaka tufunge. Jana saa kumi alfajiri nilikuwa macho makusudi. Wakarima aliamka. Nilimwona kwa mwanga wa korido akifungua sanduku, akitoa kitabu, akikiachilia kifuniko kwa mazoea yake mabaya ya zamani. Mwili wangu wote ulikaza. Kikashuka kikafunga, nami sikusikia kitu. Niliona tu mkono wake na mdomo ukisema kitu, nadhani alisema pole, maana amezoea kuomba msamaha. Wasichana hamsini na wanane waliendelea kulala.

Nikakaa pale nikitazama bati likiwa limefungwa bila sauti, nikaona nyumba yako Jumapili ile baada ya ibada, na wewe peke yako unafunga, unafurahi, unafunga tena. Khocha, uliniomba msamaha kwa uongo. Ule wa simu nimeusamehe, na ule wa kulinganisha nimeusamehe. Lakini lile neno la barua ya kwanza, kwamba sanduku halina kelele, halikuwa uongo. Uliniandikia ulichosikia.

Ijumaa nitashuka na kuja bandani moja kwa moja na sanduku langu begani. Kanisa nalirudisha ulitie mpira. Utakuwa umeinamia kazi na umeziba masikio, kwa hiyo sitakuita. Nitakugusa bega.

Mpwa wako,
Valary Nasipwondi